Muhogo wa Chake, Samaki wa Wete

Nyinyi vijana wa minara, mnaopanda juu na kofia ngumu kichwani na kamba mbili kiunoni, mliniuliza siku ile kazi yetu sisi wa zamani ilikuwaje. Mliuliza gari lenu likinguruma nje, nikawajibu "ilikuwa ya miguu", mkacheka, mkaondoka. Sasa nimekaa barazani kwangu Tibirinzi, hapa Chake, sina haraka wala gari, nitawaeleza vizuri. Nitawaeleza na habari ya Jumamosi ile, maana nimesikia watu wanasema Mzee Kombo ameanza kuchanganyikiwa, anatembea mwenyewe maporini akifuata nguzo zisizo na waya. Kwamba nguzo hazina waya ni kweli. Hayo mengine muyasikilize kwanza.

Laini ya simu kutoka Chake kwenda Wete haikufuata barabara. Barabara inajizungusha kama mtu anayemkwepa mdai wake, na waya wa shaba ulikuwa ghali, kwa hiyo waliotutangulia waliupitisha mkato: wakapanda nao vilima, wakashuka nao mabonde ya mpunga, wakaupenyeza kwenye mashamba ya mikarafuu. Vilimani walisimamisha nguzo za mti, mabondeni za chuma kwa ajili ya maji na mchwa. Na laini ya namna hiyo huwezi kuikagua ukiwa ndani ya gari. Ilibidi itembewe.

Tulikuwa wawili wa kuitembea. Mimi nilitoka Chake, mwenzangu Faki alitoka Wete. Kila mmoja akishaswali alfajiri anabeba mkanda wake na koleo lake, anafuata nguzo moja baada ya moja mpaka tunakutana katikati, kwenye nguzo ya chuma iliyosimama juu ya kituta katikati ya bonde la Mtondooni. Tunakula, tunaswali adhuhuri, halafu kila mtu anarudi njia aliyojia. Kwa hiyo umri wangu wote wa kazi niliijua nusu yangu kama ninavyokijua kiganja changu, na nusu ya Faki sikuwahi kuikanyaga. Naye yangu hakuwahi.

Chakula chenyewe kilikuwa na sheria. Msimamizi wetu, marehemu Mzee Shaame, aliwakuta mafundi waliotutangulia wana tabia moja: wanafika kilima cha tatu, wanalala chini ya mkarafuu, jioni wanarudi ofisini wanasema "laini nzima, bwana". Mzee Shaame hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisema tu kuanzia leo anayetoka Chake atabeba muhogo wa kuchemsha, na anayetoka Wete atabeba samaki wa kukaanga. Hakuna kubeba vyote viwili. Ukiishia njiani utaula muhogo mkavu ukukwame kooni, na mwenzako atatafuna samaki mtupu mpaka aone kinyaa. Alikuwa akisema mtu atamdanganya msimamizi wake, lakini tumbo lake hatalidanganya. Na kweli, tangu siku hiyo laini ilitembewa yote.

Huyo huyo ndiye aliyenifundisha kupanda. Siku ya kwanza niliikumbatia nguzo kama mtoto aliyemshika mama yake sokoni, nisiweze kupanda wala kushuka. Akaniita kutoka chini: "Kombo! Nguzo haipandwi kwa mikono, hupandwa kwa matako! Kaa!" Maana yake jiachie nyuma, uukalie mkanda, uzito wako ukusukume miguu kwenye nguzo. Anayeogopa huikumbatia, na anayeikumbatia ndiye anayeteleza. Nyinyi na kamba zenu mbili pia ni hivyohivyo, nimewaona mnavyoukumbatia mnara.

Na la pili: nguzo ya chuma ipande asubuhi, ya mti iachie mchana. Hilo sikuambiwa, nilijifunza kwa mapaja yangu. Nilipanda ya chuma jua la saa saba, nikashuka nikitembea kama bata, na marehemu mke wangu Mize alinipaka mafuta ya nazi huku akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Mkitaka kujua tulivyokuwa tunatafuta kasoro, nitawapa moja tu. Palikuwa na wakati simu ya Wete ilikuwa inakoroma kila Ijumaa asubuhi. Siku nyingine safi, Ijumaa inakoroma, wakubwa hawasikilizani, ikifika sala ya Ijumaa inapona yenyewe. Wengine walikwishaanza kusema majini. Mzee Shaame akaniambia, nenda kaifuate Ijumaa. Nikaifuata, mpaka nikafika nyumbani kwa Bi Time, mjane wa watu kule mwanzo wa mikarafuu, wakati huo mumewe bado yu hai. Bi Time alikuwa amefunga waya wake wa kuanikia nguo kutoka kwenye mwembe mpaka juu kabisa kwenye nguzo yetu, ambako kijana wake alipanda akaugusisha na wetu. Kila Ijumaa anafua kanzu za mumewe, anazianika zinachuruzika maji, na sauti za wakubwa zinashuka kwenye kanzu. Zikikauka, mume anavaa, anakwenda msikitini, simu inapona. Nilitaka kumgombeza. Mzee Shaame alinikataza. Alikwenda mwenyewe na kamba mpya ya usumba wa nazi, akamwambia, "Bi Time, hii haitii kutu kwenye kanzu." Mpaka alipokufa yule mzee hakuwahi kumwambia yule mama kwamba alikuwa akikoromesha simu ya serikali.

Basi ndiyo kazi ilivyokuwa. Halafu mkaja nyinyi na minara. Waya ukashushwa, ukakunjwa, ukachukuliwa. Nguzo ziliachwa. Nyingine zimekuwa za kufungia mbuzi, moja imeshikilia spika za msikiti, nyingi zimesimama tu. Mimi na Faki tulistaafishwa pamoja. Nilipewa kipande cha nguzo ya chuma nilichokiomba, nikakichimbia barazani kwangu kishikilie paa la mbele. Mize alisema nimeileta ofisi nyumbani. Mngeona alivyokuwa akiiegemea jioni akichambua mchele, mngejua kwamba aliipenda.

Mize amefariki. Watoto wako Unguja na Dar, wananipigia. Simu zao ni safi, hazikoromi hata Ijumaa, ila zinakatika mapema. "Haya baba, tutaongea." Nabaki nayo mkononi, naitazama mpaka taa yake inazimika. Sisemi kwa kulalamika. Nasema kwa sababu mliuliza kazi, na mtu hawezi kuieleza kazi yake bila kueleza alivyobaki baada yake.

Kilichobaki kilikuwa Faki. Tulipostaafu tulipeana ahadi: kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi Ndogo, tutaitembea laini. Yeye kwao, mimi kwetu, tukutane nguzo ya kati, muhogo na samaki. Simu zinabaki nyumbani. Tuliitumikia simu miaka yote, siku moja haiwezi kutukosa?

Mtasema, mzee, Wete si mbali, panda gari ukamwone. Nilipanda. Faki alikuwa ameanza kupoteza masikio, na mwisho yakaziba kabisa. Nilikaa naye sebuleni kwake, wajukuu wanapita, televisheni inasema, mimi napiga kelele sikioni mwake naye anatikisa kichwa na kucheka pasipo kicheko. Tulioneana haya. Niliondoka mapema kuliko nilivyokusudia, na njia nzima moyo uliniuma. Kwenye laini hatukuwa hivyo. Kule mazungumzo yetu yalikuwa ya mikono tangu ujana, kwa sababu aliye juu ya nguzo na aliye chini upepo hauwaachi wasikizane. Aliye chini anagonga nguzo kwa koleo, na aliye juu anaisikia kwa miguu. Mara moja, ngoja. Mara mbili, kuna kasoro. Mara tatu, laini nzima, shuka tule.

Mwaka jana alikuja anaburuza mguu wa kushoto. Aliweka kiganja chake kwenye nguzo ya kati, akaniambia kwa ile sauti kubwa ya viziwi, "Gonga!" Nikagonga tatu. Akafumba macho. "Nimesikia," akasema. Tulipoagana akaniambia, "Kombo, mwakani ukinikosa usiningoje." Nikamjibu kwa mkono kwamba nitangoja.

Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, binti yake Salma alinipigia. Akasema, "Ami Kombo, baba hatoki tena. Mguu hauna nguvu. Msije mkaahidiana mambo yenu." Nikasema sawa mwanangu. Lakini ilipofika ile Jumamosi nilichemsha muhogo usiku, nikaufunga kwenye kitambaa, na baada ya alfajiri nikafunga mlango, simu nikaiacha kwenye rafu. Nilijua huenda hatakuja. Nilichokuwa nakiogopa ni yeye kuja asinikute.

Wingu lilikuwa limetanda, njia imelowa. Nilipita kwa Bi Time; amezeeka sana, hanitambui, kamba yake sasa ni ya plastiki. Nilipita nguzo ambayo kunguru wamejenga juu yake, nikapita ile iliyolala. Zamani niliimba njiani. Safari hii nilijikuta naongea na Mize, namwonyesha, hii ndiyo ile niliyoungua mapaja, nikanyamaza kwa aibu nilipokutana na watu wanakwenda shamba.

Nilipoteremka Mtondooni nilitazama katikati ya bonde, sikuiona nguzo. Nikadhani macho. Nikapita juu ya tuta kuelekea pale kwenye kituta, ndani ya matete yaliyoota mwaka huu mpaka yakanizidi kimo. Nguzo ilikuwa imekatwa kwa msumeno, chini kabisa, imebaki kama sahani ya chuma ardhini. Sikumlaumu mtu, chuma kinahitajika. Ila niliketi chini kama niliyepewa habari ya msiba.

Nikangoja. Bonde lile lina njia mbili za pembeni: mimi huja kwa ya upande wa chemchemi, Faki huja kwa ya upande wa mikarafuu, na kila mmoja akiiona nguzo ndipo anakata katikati. Kule upande wa mikarafuu wanawake walikuwa wanapalilia mpunga. Nikawasikia wanaita, "Shikamoo mzee! Mzee! Weye mzee!" halafu wakacheka, mmoja akasema, "Huyo ana kiburi huyo." Nikadhani wananiona. Nikainua mkono juu ya matete niwaitikie, nikasema marahaba, nikabaki nimekaa.

Jua lilipinduka, nikaswali. Faki hakutokea. Muhogo niliufungua, nikautazama, nikaufunga tena. Sheria ni sheria. Ningeweza kurudi, na miguu ilitaka kurudi. Lakini alikuwa ameniambia nikimkosa nisimngoje, na mimi nilikuwa nimemwonyesha kwa mkono kwamba nitangoja, na huko Tibirinzi hakuna aliyekuwa ananisubiri. Nikasimama, nikaingia nusu ya Faki.

Wanangu, ni jambo la ajabu kuingia katika kazi ya mtu mwingine. Nilidhani nusu yake ni kama yangu. Kumbe yake ni ngumu zaidi, vilima vyake vimesimama wima, na hakuwahi kunilalamikia hata siku moja. Kwenye nguzo zake za mti alichonga kijishikio kidogo usawa wa kifua, cha kuanzia kupanda, kila nguzo upande uleule, kimelainika kwa kushikwa. Nikawa naweka mkono wangu pale alipokuwa akiweka wake. Niliwapita watu, nikasalimia, lakini sikumuuliza yeyote kama Faki yu hai au mgonjwa. Anayeogopa jibu haulizi. Bibi mmoja aliyekuwa anakuna nazi mlangoni alinitazama na mkanda wangu begani, akasema, "Leo nguzo zimepata wageni." Nikajua ananitania, nikacheka, nikaendelea.

Nilifika kwao, nje kidogo ya Wete, alasiri imeshakwisha, miguu si yangu tena. Watu walikuwa wamejaa uani. Moyo ukanipasuka. Nikasimama, nikashindwa hata kupiga hodi.

Mkewe, Bi Riziki, akaniona. Hakunisalimia. Alitazama nyuma yangu, njiani nilikotoka.

"Kombo, mwenzio yu wapi?"

"Mwenzangu? Nimekuja kwake mimi."

"Katoka tangu alfajiri," akasema, sauti inamkatika. "Nikadhani kenda msikitini. Tumemtafuta pwani, tumemtafuta hospitali. Salma kakupigia weye kutwa, simu yalia tu. Tukasema keshakutana na Kombo, atarudi naye. Sasa weye waja peke yako!"

Nikaona miwani ya Faki dirishani. Ametoka bila miwani, bila masikio, na mguu mmoja. Watu wote wananitazama mimi. Hapo ndipo niliposikia tena zile sauti za bondeni: mzee, weye mzee, huyo ana kiburi. Hawakuwa wananiita mimi. Walimwamkia mzee anayepita njia ya mikarafuu, anayetafuta kwa macho mabovu nguzo ambayo haipo, asiyesikia shikamoo wala kicheko. Na yule bibi wa nazi hakuwa akitania, mgeni wa kwanza alimwona asubuhi.

"Salma," nikasema, "nipe simu."

Namba za watu siandiki, nazibeba kichwani. Fundi wa simu akisahau namba amebakiwa na nini? Nikampigia Bi Zuwena, jirani yangu anayeuza unga na sukari mkabala na mlango wangu.

"Bi Zuwena, mimi Kombo."

"Mzee Kombo! Weye uko wapi? Simu yako yalia humo ndani kutwa nzima! Na hapa barazani pana mgeni wako, kaja sasa hivi, miguu yote matope. Namsemesha hanijibu. Nampa chai haitaki. Kakumbatia kifurushi tu."

Nikawaambia waliokuwepo, "Yuko kwangu." Bi Riziki akakaa chini palepale, Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, na Salma akaanza kulia.

"Kifurushi cha nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Samaki, nanusa toka hapa. Mie namwambia kula baba, yeye anipigia kelele: 'Muhogo haujafika!' Muhogo gani, Mzee Kombo? Kila mara agonga mlango, atazama dirishani. Mie naona adhani u maiti humo ndani."

Alikuwa ameitembea nusu yangu yote kwa mguu ule, kwa hofu ileile iliyonitembeza mimi yake, na sasa amekaa nje ya nyumba iliyofungwa, simu inalia ndani naye haisikii.

"Mwambie nimefika kwake salama."

"Nimwambie vipi, na hasikii?"

Kumwandikia haikufaa, miwani ilikuwa mbele yangu. Nikasema, "Bi Zuwena, sikiliza. Lete jiwe la mizani, lile la chuma. Mshike mkono, umwekee kiganja kwenye nguzo ya baraza langu. Halafu gonga mara tatu. Usigonge mbili, tafadhali. Tatu."

"Makubwa haya," akasema, lakini alikwenda. Nikasikia kandambili zake, nikasikia anasema "samahani, baba". Halafu nguzo ikalia, tatu, za haraka haraka kama mtu anayetwanga.

Uani kwa Faki watu wote wakaisogelea simu.

Halafu ikalia tena. Huo haukuwa mkono wa Zuwena. Ulikuwa mkono wa fundi: gonga, ngoja, gonga, ngoja, gonga. Na nyuma yake ile sauti kubwa ya kiziwi ikasikika na kila mtu pale uani: "Laini nzima! Kombo, shuka ule!"

Salma alitaka kukodi gari saa ileile. Nikamwambia mwache kwanza ale. Nikamweleza Zuwena ufunguo ulipo, amfungulie apumzike, nikamwomba asikate simu.

"Kafungua kifurushi," Zuwena akaniambia. "Anakula."

Nikafungua kitambaa changu. Bi Riziki aliniletea mchuzi, nikamshukuru nikausogeza pembeni, naye hakuuliza. Nikaula muhogo mkavu, taratibu, simu sikioni, mpaka Zuwena aliponiambia kwamba mwenzangu amemaliza.